Kwa nini tarehe 1 Machi inahifadhiwa kama 29 Februari

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Natengeneza mfumo wa mikopo kwa SACCOS moja hapa Morogoro, kwa JavaScript na MySQL. Afisa mikopo akichagua tarehe 1 Machi 2024 kwenye fomu, kanzidata inapokea 29 Februari. Nikaongeza siku moja kabla ya kuhifadhi. Wiki mbili mambo yakawa shwari, kisha nikagundua baadhi ya rekodi ziko sawa na nyingine zimeruka siku moja mbele. Halafu kuna mkopo uliotolewa 31 Januari: mfumo umeiruka Februari nzima, rejesho la kwanza limeandikwa 2 Machi. Nisaidie, na kama kuna mitego mingine ya tarehe nionye mapema."

Marahaba. Kabla hujasoma zaidi, ondoa hiyo siku moja uliyoongeza. Iondoe leo. Kila rekodi inayoingia ikiwa bado ipo yaweza kuwa nzima au mbovu, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Namna ya kuzisafisha tutaifikia. Kwanza tuelewe kilichotokea.

Mtu akibonyeza 1 Machi kwenye kalenda ya fomu yako, JavaScript haikupi tarehe. Inakupa nukta moja ya wakati: saa sita kamili usiku, Machi inapoanza, kwa saa za kompyuta ya afisa mikopo. Nukta hiyo hutunzwa kama idadi ya milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya dunia, yaani UTC. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Morogoro inapoingia Machi, kwa UTC bado ni saa tatu usiku, 29 Februari. Nakisia msimbo wako unaita `toISOString()` kisha unachukua herufi kumi za mwanzo. Funksheni hiyo huandika kwa UTC daima, popote kompyuta ilipo. Jaribu mwenyewe kwenye kompyuta yako:

`new Date(2024, 2, 1).toISOString()`

Utapata `2024-02-29T21:00:00.000Z`. (Hiyo 2 ya katikati ni Machi. JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, siku kuanzia moja. Ukisahau, mkopo wa Machi unaingia Aprili na hakuna ujumbe wowote wa kosa.)

Sasa mbona rekodi nyingine zilikuwa sawa tangu mwanzo? Naamini fomu yako ina kitufe cha "Leo", au hujijaza tarehe ya leo yenyewe. Hapo tarehe inabeba na saa ya wakati ule. Afisa akibonyeza saa nne asubuhi, kwa UTC ni saa moja asubuhi ya siku ileile, na herufi kumi za mwanzo zinatoka sahihi. Kwa hiyo ulikuwa na rekodi za aina mbili: zilizochaguliwa kwenye kalenda zilirudi nyuma siku moja, na zilizotoka kwenye "Leo" zilikuwa nzima. Ulipoongeza siku moja, za kwanza zikapona na za pili zikaruka mbele.

Kuna jambo hapa linawapoteza vijana wengi wa kwetu. Ukitafuta tatizo hili kwenye intaneti, majibu mengi unayoyakuta yameandikwa na watu wa Marekani, nao tatizo lao linakuja kwa upande wa pili. JavaScript ikisoma maandishi `"2024-03-01"` peke yake huyachukulia kuwa saa sita usiku ya UTC. New York wakati huo bado ni jioni ya 29 Februari, kwa hiyo kwao siku hupotea wakati wa *kuonyesha* tarehe. Kwetu maandishi hayohayo yakisomwa huangukia saa tisa usiku ya 1 Machi, tarehe ni ileile, hatuoni kitu. Siku yetu hupotea wakati wa *kuandika*. Dawa yao ukiimeza wewe, unaumwa ugonjwa mwingine.

Kiini cha jibu langu, na ukikishika hiki mengine utayajua yanapokujia, ni kwamba tarehe ya kalenda na nukta ya wakati ni vitu viwili tofauti, na mfumo wako unavitunza kwa chombo kimoja. Mwanachama alipotuma rejesho kwa simu, ilitokea mara moja, kwa sekunde maalumu, na mtu wa Muscat na wa Morogoro wote wanaweza kuielekeza kidole, kila mmoja kwa saa yake. Hiyo ni nukta, na UTC inaifaa sana. Lakini siku ya kulipa, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya sikukuu, tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba kwa kalamu, hizo hazina saa. Mtu aliyezaliwa 9 Desemba hazaliwi 8 Desemba kwa sababu amehamia London. Ukiibandika saa sita usiku tarehe isiyo na saa, umeongeza habari ambayo hakuna aliyekupa, na habari hiyo ya uongo ndiyo inayohama kutoka ukanda mmoja wa saa hadi mwingine ikiburuta tarehe nyuma yake.

Kwa hiyo, tarehe iingie kama tarehe na itoke kama tarehe. Ukitumia `<input type="date">`, thamani yake tayari ni maandishi `2024-03-01`. Usiyageuze kuwa `Date` hata kidogo. Yatume hivyohivyo kwenye seva, yaweke kwenye safu ya aina ya `DATE` ndani ya MySQL, basi. Ukilazimika kufanya hesabu upande wa kivinjari, itenganishe namba tatu, mwaka na mwezi na siku, uzishike kama namba. JavaScript yenyewe inapata aina mpya, `Temporal.PlainDate`, ambayo imeanza kuingia kwenye vivinjari tangu 2025 na imetengenezwa kwa ajili ya shida hii hasa. Wenzako wa Java wana `LocalDate`, wa Python wana `date`.

Ukishafanya hivyo kuna mtego mmoja utakaokupiga njiani kurudi. Kiunganishi cha MySQL kwa Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), usipokikataza, husoma safu ya `DATE` na kukupa tena ile `Date` ya JavaScript, saa sita usiku kwa saa za mashine inayoendesha programu. Ukiituma kama JSON, yaani maandishi ya kupitishia data, inaandikwa kwa UTC, na 29 Februari imerudi. Seva yako ikiwa imewekwa UTC hutaliona kosa hilo huko, utaliona kwenye kompyuta yako tu, na utapoteza siku nzima ukijiuliza kwa nini. Weka `dateStrings: true` kwenye mipangilio ya muunganisho, tarehe zitatoka kama maandishi.

Sasa habari ya 31 Januari, ambayo mimi naiona kubwa kuliko hiyo ya kwanza, kwa sababu hapa hakuna jibu ambalo kompyuta inaweza kukupa. Ulimwambia JavaScript asogeze mwezi mmoja. Alikwenda 31 Februari, akakuta Februari ya 2024 ina siku 29, akamwaga siku mbili zilizozidi ndani ya Machi. PHP ukiiambia `+1 month` hufanya vivyo hivyo. Lakini iulize MySQL yako mwenyewe `DATE_ADD('2024-01-31', INTERVAL 1 MONTH)`, itakujibu 29 Februari. Java na PostgreSQL nazo husimama mwisho wa mwezi. Yaani ndani ya mfumo wako mmoja, ratiba iliyopangwa na JavaScript na ripoti iliyopangwa na MySQL zinaweza kutofautiana siku mbili kuhusu mkopo uleule, na mwanachama amesimama dirishani na karatasi mkononi.

"Mwezi mmoja baada ya 31 Januari" ni swali la mkataba. Nenda kwa kamati ya mikopo, waulize: mkopo ukitolewa tarehe 29, 30 au 31, rejesho linaangukia lini mwezi mfupi? Wengi watakwambia siku ya mwisho ya mwezi. Wengine, na hii naipenda zaidi kwa SACCOS za watumishi, watachagua siku moja kwa wote, kwa mfano tarehe 28, au siku fulani baada ya mshahara. Jibu lolote ni sawa ilimradi limeandikwa kwenye masharti ya mkopo na mwanachama amelisoma kabla ya kusaini.

Likishaandikwa, jihadhari na namna ya kulipiga hesabu. Usitoke kwenye rejesho lililopita kwenda linalofuata. Ukianza 31 Januari ukasogea mwezi, unapata 29 Februari. Ukitoka hapo ukasogea mwezi, 29 Machi. Kisha 29 Aprili, 29 Mei. Februari imemnyofoa mwanachama siku mbili na hazirudi tena. Kila mara rudi kwenye tarehe ya kwanza: mwezi mmoja kutoka 31 Januari, miezi miwili kutoka 31 Januari, miezi mitatu kutoka 31 Januari. Utapata 29 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei. Ili uweze kufanya hivyo, hifadhi ile siku ya asili, 31, kwenye safu yake, hata kama hakuna Februari itakayoifikia.

Mwaka mrefu una mitego yake. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Azure ya Microsoft iliyumba dunia nzima, kwa sababu sehemu moja ya programu ilitengeneza cheti cha usalama cha mwaka mmoja kwa kuchukua tarehe ya siku ile na kuongeza moja kwenye mwaka. Ikapata 29 Februari 2013, siku isiyokuwepo, cheti kikakataliwa, na mashine zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Ni kosa ambalo mimi na wewe tungeweza kuliandika alasiri yoyote. Tafuta kwenye msimbo wako kila mahali ulipoongeza moja kwenye mwaka. Tafuta pia kila mahali ulipogawa siku kwa 365 ili kupata umri. Katika miaka 18 kuna siku za Februari 29 nne au tano, kwa hiyo kijana atahesabiwa mtu mzima siku nne au tano kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na mfumo utamruhusu kukopa. Umri ni mwaka wa leo kutoa mwaka wa kuzaliwa, kisha toa moja kama siku yake ya mwaka huu haijafika. Na riba ya kila siku: 2024 ilikuwa na siku 366. Unagawa kwa 365, 366 au 360? Hilo nalo ni la mkataba.

Tukizungumzia leo: leo ni lini? Seva nyingi za kukodi huwekwa UTC, na kwenye seva ya namna hiyo siku mpya huanza saa tisa usiku ya Morogoro. Mwanachama akilipa kwa simu saa saba usiku ya tarehe mosi, ukiiuliza MySQL `CURDATE()` itasema bado ni mwisho wa mwezi uliopita. Kazi yako ya usiku ya kutoza faini, ikiendeshwa saa sita na dakika tano, itatoza ya jana. Acha nukta za wakati zikae kwa UTC, lakini unapotaka kujua "leo", taja ukanda kwa jina: `Africa/Dar_es_Salaam`. Kwenye MySQL majedwali ya kanda za saa huenda hayajapakiwa, na jina hilo likakataliwa. Yapakie, usikimbilie kuandika `+03:00`.

Najua utasema sisi hatubadilishi saa kama Ulaya, tatu ni tatu daima. Kwa Tanzania ya leo ni kweli. Lakini watu wetu hawakai Tanzania peke yake. Bujumbura na Kigali ziko saa moja nyuma yetu. Kongo ina kanda mbili za saa, ya Kinshasa na ya Lubumbashi. Oman iko saa moja mbele. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi hadi 1 Februari 2021, ikarudi nyuma saa moja, na kila programu iliyokuwa imeandika namba 3 badala ya `Africa/Juba` ilikosea kuanzia usiku ule. Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023, na huko mabadiliko hufanyika saa sita usiku kamili: Ijumaa ya mwisho ya Aprili saa inatoka 23:59 na kuingia 01:00. Siku hiyo Cairo haina saa sita usiku. Programu inayowakilisha tarehe kwa saa sita usiku, kama ya kwako ilivyokuwa, itaitafuta nukta ambayo haipo.

Niliwahi kuumia na usiku. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kujenga mfumo wa tiketi kwa kampuni moja ya mabasi ya Mombasa kwenda Nairobi. Basi moja liliondoka 00:30. Tiketi ikachapwa "Jumamosi 00:30", sahihi kabisa kwa kompyuta. Mama mmoja akaja kituoni Jumamosi usiku, saa sita kasorobo, mtoto mgongoni, mizigo imefungwa vizuri. Basi lake lilikuwa limeondoka usiku wa jana yake. Kwake yeye Jumamosi ilikuwa haijaisha, na usiku ule ulikuwa wa Jumamosi. Nilipokwenda kumweleza bosi nikamkuta mzee mwingine wa pale ambaye kwake usiku hutangulia mchana, siku ikianza magharibi. "Usiku wa Jumamosi" kwa mzee yule ulikuwa Ijumaa baada ya jua kuzama. Maneno yaleyale, usiku mbili. Na lugha yetu ilikuwa na dawa tangu zamani, mimi sikuitumia. Tukabadilisha tiketi ikaandika: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa sita na nusu." Malalamiko ya aina ile hayakurudi.

Ukiandika ujumbe wa simu kwa wanachama wako, fanya hivyo. Na usitegemee kwamba kuchagua Kiswahili kwenye mipangilio kutageuza 07:00 kuwa saa moja. Hesabu hiyo utaiandika mwenyewe. Chukua saa ya kompyuta, ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua baki, na baki ikiwa sifuri andika kumi na mbili. Kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kwa majina ya siku pia kuwa macho, maana sisi tunahesabu kutoka Jumamosi. Jumatatu ina tatu ndani yake, lakini JavaScript inaiita 1, Python kwa `weekday()` inaiita 0, na kwa `isoweekday()` inaiita 1. Usiruhusu namba ya siku ipite kati ya lugha mbili bila kuigeuza kuwa jina kwanza.

Umesema ni SACCOS, kwa hiyo iko siku utaletewa faili la Excel lenye wanachama wa miaka thelathini. Hapo ndipo tarehe nyingi hufa kimyakimya. Chukua tarehe tatu tunazozijua sote: Uhuru 9/12/1961, Mapinduzi 12/1/1964, Muungano 26/4/1964. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani huanza na mwezi. Uhuru utasomwa 12 Septemba 1961. Mapinduzi yatakuwa 1 Desemba 1964. Muungano hautasomwa kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa 26, na utabaki kama maandishi. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: safu ambayo tarehe zenye siku 13 na kuendelea zimebaki maandishi upande wa kushoto wa seli, na zenye siku 1 hadi 12 zimekaa kulia zikionekana safi. Zile safi ndizo zilizogeuzwa. Usizirekebishe zilizokataliwa peke yake ukafurahi.

Mwaka wa tarakimu mbili, Excel kwa kawaida huchukua 00 hadi 29 kuwa miaka ya 2000. Mzee aliyezaliwa 1928 na kuandikwa "28" atakuwa bado hajazaliwa. Na ukikuta namba kama 45352 mahali pa tarehe, usiifute: ni 1 Machi 2024 ikiwa imehesabiwa kwa siku. Excel huanza na 1 kwa 1 Januari 1900, lakini ilirithi kosa la Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, la kuamini kwamba 1900 ulikuwa mwaka mrefu, ambao haukuwa. Mwaka wa karne lazima ugawanyike kwa 400. Kwa sababu ya siku hiyo ya ziada, kwa tarehe za kuanzia Machi 1900 unahesabu kutoka 30 Desemba 1899. Mafaili ya zamani ya Mac huenda yanahesabu kutoka 1904, na hapo tofauti ni siku 1462.

Katika faili hilohilo utakuta wazee wengi mno waliozaliwa 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo. Waliulizwa tarehe, wakajua mwaka tu, au walijua ulikuwa mwaka wa njaa fulani, na fomu ikadai siku na mwezi. Naomba mfumo wako usimlazimishe mtu kusema uongo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, una safu ya pembeni inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Iga hilo. Ni safu moja tu, lakini itakuzuia kumtumia bibi ujumbe wa heri ya kuzaliwa siku asiyoitambua, na itakwambia ni umri upi usiutegemee unapopanga bima ya mkopo. Pale tarehe isipojulikana kabisa, acha wazi. Ukiona 1 Januari 1970 saa 03:00, huyo hana tarehe. Ni sifuri iliyosomwa kwa saa zetu.

Sikukuu: usizipige hesabu zote kwa kanuni. Idd hutangazwa baada ya mwezi kuonekana, na kalenda ya Kiislamu iliyomo ndani ya Java inafuata ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia, ambayo inaweza kupishana na tangazo la kwetu kwa siku. Tengeneza jedwali la sikukuu ambalo meneja analijaza mwenyewe, na ruhusu alibadilishe jioni ya kuamkia.

Mawili ya haraka. Java husoma `YYYY` kwa herufi kubwa kama mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo imehesabiwa kuwa yake: 30 Desemba 2024 itachapwa 2025-12-30, na kosa hilo hujificha mwaka mzima. Tumia `yyyy`. Na kama SACCOS yako inatoa mikopo ya nyumba ya miaka 15, safu ya `TIMESTAMP` ya MySQL inaishia 19 Januari 2038, kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Rejesho la 2039 litakataliwa leo, huhitaji kusubiri. `DATE` inafika mwaka 9999.

Sasa usafi wa rekodi. Nakili kanzidata nzima kwanza. Tafuta kwenye historia ya msimbo siku na saa uliyoweka ile siku ya ziada, na saa utakayoiondoa. Natumaini kila rekodi ina safu ya wakati ilipoingizwa. Igeuze kwa saa za Dar es Salaam upate siku ya kuingizwa. Kabla ya kiraka chako, yaani ile siku ya ziada, rekodi ambayo tarehe yake ni siku moja nyuma ya siku ya kuingizwa ni mshukiwa. Baada ya kiraka, mshukiwa ni iliyo siku moja mbele. Usiendeshe `UPDATE` moja kwa zote, maana afisa anaweza kuwa aliingiza leo mkopo wa jana kwa haki kabisa. Chapa orodha ya washukiwa, ukae na afisa mikopo na jalada la mikataba, mlinganishe na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Ni kazi ya siku mbili, tatu.

Anzeni na wale ambao tarehe yao ya kulipa ilirudi nyuma. Hao walilipa kwa siku yao na mfumo ukawaona wamechelewa. Kama faini ilikatwa, kiasi chake kipo kwenye jedwali la miamala, na mtu anastahili kurudishiwa kabla ya rejesho lijalo.